Bunduki Iliyobadili Mtutu

Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin, Otto Bock, aliwatolea wateja wake risasi mpya yenye unene wa milimita 9.3 na ganda la urefu wa milimita 62. Hakuikusudia kwa jeshi, wala kwa matajiri wa kuwinda paa katika misitu ya Ujerumani. Aliikusudia kwa wakulima wa Kijerumani waliokuwa wakihamia Afrika, watu wa shamba na mkopo, ambao wangeweza kuamka asubuhi wakute kiboko kapita kwenye mahindi au nyati kavunja boma la ng'ombe. Bunduki za mitutu miwili walizobeba matajiri wa Kiingereza ziliwashinda bei. Basi Bock akaipima risasi yake iingie katika mwili wa Mauser 98, bunduki ya askari wa kawaida wa Ujerumani, iliyokuwa ikitoka viwandani kwa wingi na kwa bei nafuu. Kilichohitajika ni mtutu mwingine. Bolti ilibaki ileile, na magazini ileile ya risasi tano.

Huku Iringa na Mufindi tukizungumzia bunduki za Mjerumani huwa tunasema kana kwamba zilishuka melini zikiwa zimekamilika, tukapigwa nazo, na habari ikaishia hapo. Nchi hizi nazo ziliziunda bunduki hizo. Nyati na tembo wa Afrika, na mfuko mwepesi wa mkulima mgeni, ndivyo vilivyofanya silaha ya vita ivuliwe mtutu wake na kufungwa mwingine. Na mtu akiifuata mitutu hiyo, kutoka Lugalo hadi Malangali, kutoka mashamba ya chai ya Mufindi hadi karakana za mbao za Mafinga, ataiona historia ya Nyanda za Juu Kusini kwa upande ambao vitabu vya shule havikuugusa sana: nani alikuwa na risasi, nani aliishiwa, na nani alikatazwa kabisa kuwa nazo.

Kwanza kazi yenyewe. Mtutu wa Mauser haukuchomelewa kwenye mwili wa bunduki. Umefungwa kwa thredi. Fundi huubana kwenye jiriwa nzito, akaushika mwili kwa spana yake maalumu, akaufungua, akafunga mwingine. Ikisimuliwa hivyo kazi inaonekana nyepesi, na wapo walioumia kwa kuiona hivyo. Nyuma ya mtutu kuna chemba, yaani nafasi inamokaa risasi inaposubiri kupigwa. Chemba lazima ichongwe kwa umbo la risasi moja tu, na bolti ikijifunga, nafasi kati ya uso wake na tako la ganda iwe finyu kuliko unene wa ukucha. Nafasi ikizidi, ganda la shaba hutanuka nyuma na kupasuka, na moshi wenye joto kali humrudia mpigaji usoni. Nafasi ikipungua, bolti haifungi. Fundi hapimi kwa jicho; anatumia geji mbili za chuma kigumu, moja ambayo bolti lazima ifunge juu yake na nyingine ambayo lazima ikatae.

Kilichoifanya Mauser 98 ipendwe na mafundi kuliko bunduki nyingine zote za vita ni ukarimu wa mwili wake. Bolti ina meno mawili makubwa mbele yanayojifunga karibu kabisa na chemba, na jino la tatu nyuma kwa usalama. Pembeni kuna ukucha mrefu wa chuma unaolikamata ganda tangu linapotoka kwenye magazini hadi linapotupwa nje, hata bunduki ikiwa imeinamishwa au imepinduliwa. Ganda likipasuka, bolti ina matundu ya kupitishia moshi pembeni. Ukiutazama muundo huu wa Paul Mauser unaona mtu aliyekuwa akiwawazia wengine macho yao.

Halafu kuna bahati ya vipimo. Risasi ya kijeshi ya Mauser, ya milimita 7.92, ina tako la ganda la karibu milimita 12. Risasi ya Bock ina tako la kipimo hichohicho. Hata risasi ya .30-06 ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906 ina tako la namna hiyo, kwa kuwa Wamarekani walijifunza mengi kwa Mauser hadi wakailipa kampuni hiyo fedha za hataza. Ndiyo maana mwili mmoja wa Mauser unaweza kufungwa mtutu wa milimita 7, wa 7.92, wa .30-06 au wa 9.3, na bolti ikazishika zote bila kuguswa na tupa.

Jeshi la Ujerumani lenyewe ndilo lililoanza kubadilisha. Lilipoipokea bunduki hiyo tarehe 5 Aprili 1898, risasi yake ilikuwa na kichwa cha mviringo cha gramu 14.7. Mwaka 1905, mwaka uleule wa Bock, wakaingiza kichwa kipya chenye ncha kali, chepesi, cha gramu 9.9, kinachokwenda kasi zaidi na kufika mbali. Lakini kichwa hicho kilikuwa kinene kidogo: milimita 8.22 badala ya 8.07. Tofauti hiyo ya sehemu kumi na tano za mia ya milimita huwezi kuiona kwa jicho. Ukiipiga risasi nene katika mtutu mwembamba, mgandamizo unapanda kuliko chuma kilivyopangiwa. Kwa hiyo mitutu ya zamani ilibadilishwa au kuchongwa upya kwa maelfu, ikapigwa alama ya herufi S. Hadi leo, mtu anayeokota Mauser ya zamani na kuitia risasi bila kutafuta alama hiyo anacheza na uso wake.

Tarehe hiyo ya Aprili 1898 inanigusa kwa sababu nyingine. Miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Julai 1898, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Mlambalasi akiwa amezingirwa na Wajerumani. Bunduki iliyokuja kuwa mama wa bunduki nyingi za bolti duniani na mwisho wa dola ya Wahehe ni vitu vya msimu mmoja. Wahehe hawakupigwa kwa Mauser 98. Walipigwa kwa mzee wake, Mauser ya mwaka 1871.

Ile ya 1871 ilikuwa bunduki ya bolti ya risasi mojamoja, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Unaifungua, unaingiza risasi kwa mkono, unapiga, unafungua tena. Ndiyo waliyobeba askari wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, walipoingia katika mtego wa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Jeshi la Wahehe, likiongozwa na Mpangile, mdogo wake Mkwawa, liliwarukia kutoka kwenye mawe na vichaka kwa kasi ambayo askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski aliuawa hapo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na Wahehe wakaondoka na bunduki kiasi cha 300 na mizinga midogo.

Bunduki mia tatu za kisasa, mwaka 1891, katikati ya Afrika Mashariki, zilikuwa utajiri mkubwa. Lakini kila moja ililishwa ganda la shaba lililotoka kiwandani Ulaya. Bunduki ya gumegume au ya fataki ungeweza kuilisha kwa baruti iliyonunuliwa kwa wafanyabiashara wa pwani na kipande chochote cha chuma au jiwe. Mauser haikukubali. Mhunzi wa Uhehe aliyejua kufua mkuki uliopenya ngao hakuwa na njia ya kutengeneza ganda hilo. Wajerumani waliporudi na Tom von Prince na kuiteka Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, walikuja na kitu ambacho ushindi wa Lugalo haukuweza kukiteka: kiwanda kilicho nyuma ya bunduki. Tunaposimulia Lugalo, kama tunavyopaswa kuisimulia kwa fahari, naona ni haki tuseme na hili, kwa sababu linaeleza miaka saba iliyofuata kuliko ushujaa au woga wa mtu yeyote.

Cha ajabu, bunduki hiyohiyo ya 1871 ilikuja kuwatesa Wajerumani wenyewe. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck katika koloni hili bado zilikuwa nayo. Kila risasi ilitoa wingu jeupe la moshi juu ya kichwa cha askari, na adui aliyebeba bunduki ya moshi hafifu alijua mahali pa kulenga. Baada ya kuwashinda Waingereza Tanga, Novemba 1914, Lettow aliokota bunduki za Kiingereza zaidi ya mia nne pamoja na mamia ya maelfu ya risasi. Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, iliyojifanya ya Kidenishi, ilipigwa na kuzama kina kifupi katika Ghuba ya Mansa kaskazini mwa Tanga. Humo wakaopoa bunduki za kisasa kiasi cha 1,800. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, zikafungwa tena kwa mkono. Hesabu kazi hiyo kwa mamilioni ya risasi, na uikumbuke mikono ya watu waliokaa chini ya miembe wakiifanya. Majina yao hayakuandikwa popote.

Vita ilifika Mufindi mwaka uliofuata. Jenerali Edward Northey wa Uingereza alipanda kutoka upande wa Nyasa na Rhodesia, akapita Tukuyu, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, na tarehe 24 Julai 1916 akapigana na Wajerumani Malangali. Malangali hiyohiyo ya shule kongwe, ndani ya Mufindi ya leo. Iringa ikaingia mikononi mwake tarehe 29 Agosti. Upande wake ulibeba Lee-Enfield ya .303, bunduki ya bolti laini na ya haraka, yenye magazini ya risasi kumi. Mauser na Lee-Enfield zilikutana katika vilima hivi, na hakuna hata moja iliyoweza kumeza risasi ya mwenzake. Ganda la .303 lina ukingo unaotokeza kwenye tako. La Mauser 98 halina, lina mfereji. Askari akiishiwa risasi zake, bunduki aliyonayo inakuwa rungu, hata akiwa amekalia sanduku zima la risasi za adui.

Lettow alilitatua jambo hilo kwa njia pekee iliyobaki: alibadilisha bunduki badala ya mtutu. Novemba 1917 alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno Ngomano na kujizatiti upya kwa silaha zao. Alipojisalimisha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, karibu bunduki zote alizokabidhi, zaidi ya elfu moja, zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la mwisho la Kijerumani katika vita hiyo lilikuwa limebaki na Mauser za Kijerumani chache mno.

Baada ya hapo mitutu ilianza kubadilishwa kwa wingi. Mkataba wa Versailles uliibana Ujerumani isitengeneze silaha za kivita kwa uhuru, na risasi ya kijeshi yenye ganda la milimita 57 ikawa na mkosi. Mafundi wa Kijerumani wakaichonga chemba kwa milimita tatu zaidi, ikazaliwa risasi ya 8x60 yenye nguvu ileile na jina jingine. Maghala ya Mauser za kivita zilizobaki yakageuka malighafi. Zilifungwa mitutu ya kuwindia, vitako vikapunguzwa, na sehemu kubwa ya bunduki hizo ikapelekwa Afrika. Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi wakachagua Iringa na Mufindi kwa baridi yake, wakapanda kahawa na chai. Waingereza nao walikuja kwa mipango yao, ukiwamo ule wa Lord Chesham wa kuwagawia walowezi mashamba katika nyanda hizi. Kwa mtu wa aina hiyo, Mauser ya 9.3 ilikuwa chombo cha shamba sawa na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Septemba 1939 Wajerumani hao walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakachukuliwa.

Mwafrika wa Mufindi hakuwamo katika biashara hiyo ya mitutu. Serikali ya Kijerumani, na baadaye ya Kiingereza, ziliwabana Waafrika wabaki na bunduki za kushindilia mdomoni, yaani magobore, na hata hizo kwa kibali. Bunduki yenye mifereji ya kuizungusha risasi, inayopiga mita mia tatu, ilikuwa ya mlowezi, ya askari na ya ofisa. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Mafundi wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mwili wa Mauser ufungwe 9.3 au 10.75, na wakati huohuo fundi wa kijijini kwetu alilazimika kugeuza bomba la maji kuwa mtutu, akalifungia kwa waya kwenye kipande cha mti na kuomba lisipasuke. Lilipasuka mara nyingi. Ustadi alikuwa nao. Alinyimwa chuma cha kufaa, na alinyimwa kwa sheria.

Gharama yake ilionekana jirani na hapa. Kati ya 1932 na 1947 simba wa Njombe walikula watu kwa miaka kumi na mitano; George Rushby, ofisa wa wanyamapori aliyetumwa kuwamaliza, aliwakadiria waliouawa kuwa watu 1,500. Chanzo kimojawapo kilikuwa uamuzi wa serikali: wanyama pori walikuwa wameuawa kwa wingi ili kuzuia sotoka isienee kusini, na simba waliokosa windo wakageukia binadamu. Rushby na maskauti wake Waafrika waliwaua simba 15, na mauaji yakakoma. Simba 15. Sitaki kurahisisha, kulikuwa na hofu ya uchawi iliyowafunga watu midomo, na simba wale walihama kijiji usiku kwa usiku. Lakini ni vigumu kusoma habari hiyo bila kufikiria bunduki nzuri zilizokuwa zimening'inia kwenye kuta za walowezi safari ya siku chache kutoka hapo.

Uhusiano mmoja wa bunduki hizi na Mafinga haujulikani sana, nami naupenda. Vita ya pili ilipoisha mwaka 1945, Wajerumani waliokuwa wameikalia Norway waliacha huko bunduki nyingi mno aina ya Mauser 98k. Wanorwe hawakuziyeyusha. Walizipeleka Kongsberg, kwenye kiwanda chao cha silaha, wakazifunga mitutu ya .30-06, kwa kuwa risasi za Kimarekani ndizo zilizopatikana, wakazigawa kwa jeshi na kwa walinzi wa raia. Uso wa mwili ulichongwa kidogo kuipa nafasi risasi ndefu zaidi, na juu ya alama za Hitler zikagongwa alama za jeshi lao. Taifa hilohilo, miongo mitatu baadaye, ndilo lililosaidia kujenga kiwanda cha kupasua mbao cha Sao Hill, jirani na Mafinga, ambacho baadaye kiliingia mikononi mwa kampuni ya Kinorwe ya Green Resources. Waliokuja na misumeno Mufindi walitoka katika nchi iliyojua vizuri maana ya kuchukua chuma cha mtu aliyekukanyaga na kukifanya kikutumikie.

Na Bock je? Risasi yake bado inatengenezwa, zaidi ya karne moja sasa, na wawindaji wa Ulaya wanaipenda kwa nguruwe pori. Hapa Tanzania imegonga ukuta wa karatasi. Kanuni za uwindaji wetu zimeweka kaliba ya .375 kuwa ndogo kabisa kwa wanyama hatari kama tembo na nyati. Milimita 9.3 ni sawa na .366 ya inchi. Risasi iliyobuniwa kwa ajili ya nyati wa Afrika imekosa idhini ya kumpiga nyati kwa tofauti ya sehemu tisa za elfu ya inchi.

Kanuni za namna hiyo, katika nchi nyingi za Afrika, ndizo zilizosukuma wimbi la mwisho la kubadilisha mitutu. Risasi ya .375 ya Holland & Holland, ya mwaka 1912, ni ndefu, ganda lake milimita 72, na tako lake ni nene kuliko la Mauser. Kuiingiza katika mwili wa kawaida wa 98 kunahitaji kurefusha magazini na kuchonga chuma mbele na nyuma, na mbele kule ndiko jino la chini la bolti linapoegemea. Wapo mafundi hodari walioiweza kazi hiyo. Wapo waliochonga wakapitiliza, na bunduki ikaonekana nzima hadi siku ilipokataa. Wenye busara waliutafuta mwili wa Enfield ya Pattern 14, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya Uingereza wakati wa Vita Kuu, mzito na mrefu wa kutosha. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ikatoa .458, yenye ganda fupi la milimita 63.5, kaliba ya tembo katika mwili wa urefu wa kawaida. Mauser nyingi za kijeshi zilifungwa mtutu huo Kenya, Rhodesia na kwingineko. Askari wa mwaka 1917 angeitambua bolti yake, asiitambue bunduki.

Ukipita Mafinga leo, kutoka stendi kuelekea viwanda vya mbao, utakutana na karakana ambazo kwa ufundi hazina cha kuonea haya. Mashine za kereza zinachonga shafti za mashine za mbao, zinakata thredi, zinarudisha vipimo vya beringi zilizochakaa. Kijana anayeweza kukereza shafti ya msumeno unaozunguka kwa kasi bila kutikisika ana mkono wa kufunga mtutu. Lakini hapaswi kuufunga, na naiunga mkono sheria katika hilo bila kusita. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa silaha yenyewe na kwa anayeishughulikia kama biashara, na leseni huandikwa kwa silaha mahususi. Bunduki iliyobadili kaliba kimyakimya ni bunduki nyingine inayotembea na karatasi za marehemu.

Sababu ya pili ni usalama wa mpigaji. Uingereza ina nyumba ya kupimia mitutu London, na nyingine Birmingham tangu 1813. Bunduki iliyofungwa mtutu mpya hupelekwa huko, hupigwa risasi yenye mgandamizo uliozidi wa kawaida ikiwa imefungwa mahali salama, ikihimili hugongwa alama. Nchi kadhaa za Ulaya zilianza kuunganisha taratibu zao Liège mwaka 1914. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyomo katika umoja huo. Tunalo Shirika la Mzinga Morogoro, lenye wataalamu wa risasi na silaha chini ya Wizara ya Ulinzi, na tungeweza kuwa na chumba kimoja cha kupimia kwa ajili ya bunduki za raia zenye leseni, za wakulima na za maskauti wa vijiji, ambazo nyingine zina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Mtutu huchakaa. Mifereji yake huliwa na kutu na moto, risasi ikatoka ikipindukapinduka, na mnyama anayepigwa nayo anaondoka amejeruhiwa, jambo ambalo mtu yeyote anayeishi pembezoni mwa Ruaha anajua linaishia wapi. Bila fundi wa kisheria, mwenye bunduki hiyo amebaki na njia mbili mbaya: kuendelea kuitumia ilivyo, au kumtafuta fundi wa gizani.

Linaloniuma zaidi ni bunduki zinazokwenda kuteketezwa. Mara kadhaa katika miaka ya karibuni serikali imetoa muda wa watu kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa, na ni jambo jema. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inataka silaha zilizozagaa ziwekewe alama au ziharibiwe. Magobore ndiyo yanayojaa kwenye picha za magazeti. Lakini kila silaha ya bolti inayopita katika meza hiyo imebeba maandishi kwenye chuma chake. Juu ya pete ya mwili wa Mauser pameandikwa kiwanda na mwaka: Spandau, Danzig, Amberg, Erfurt, Oberndorf. Zile za jeshi la koloni ziligongwa herufi K.S. Chini ya mtutu, sehemu inayofichwa na mbao, kuna kaliba na alama za mpimaji. Mtutu ukiwa ulibadilishwa, namba yake na ya mwili hazilingani, na hapo unajua bunduki hiyo iliishi maisha mawili.

Tuna makumbusho ya Boma pale Iringa mjini, na ya Kalenga penye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954. Kazi ninayoiomba haihitaji fedha nyingi. Kabla msumeno haujapita kwenye mtutu, mtu mmoja wa makumbusho aitwe kituoni, akiwa na kamera na daftari, apige picha ya pete ya mwili, aifungue mbao, asome chini ya mtutu, aandike kijiji bunduki ilikotoka na aliyeikabidhi anasema aliirithi kwa nani. Zile zenye K.S. na zile za 1871 ziharibiwe bolti tu zisiweze kupiga, kisha zikae Boma. Na bunduki yenye leseni ikibadilishwa mtutu mahali popote nchini, mtutu wa zamani usitupwe kwenye vyuma chakavu. Ufungiwe kibandiko cha namba ya bunduki uliyotoka, na uletwe hukohuko.